Saumu ya Mzee Mwinyimadi

Misugusugu, 8 Machi 1953, Jumapili

Daftari hili amenipa Zahoro. Kurasa za mwanzo zimejaa hesabu zake za zamani. Aliniambia, "Mzee Isihaka, ulisoma mpaka darasa la nne halafu ukauacha mkono uote kutu. Andika chochote, hata mvua." Basi naandika mvua. Leo imenyesha ya kwanza, nyepesi, ikaacha vumbi limelowa na harufu ya udongo.

Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge. Nilishuka pwani kwa kazi ya mkonge, mkonge ukanishinda mgongo, nikaingia kibarua cha barabara hii ya Morogoro. Mama yangu sijamwona tangu vita vya Hitla vilipokwisha. Nimepanga chumba cha uani kwa Mzee Mwinyimadi, Mzaramo, baba yake Zahoro. Yeye ni mtani wangu kwa kabila, na kwa muda tuliokaa pamoja amekuwa zaidi ya hapo, lakini hilo hatusemezani.

15 Machi, Jumapili

Nyumbani kuna furaha iliyofungwa kamba mguuni. Zahoro amekubaliwa kuingia madarasa ya juu ya sayansi huko Tabora, mwezi wa Julai. Lakini wamesema kwa sharti. Shule aliyosomea haikuwa na mwalimu wa sayansi mwaka mzima, yule aliyekuwepo aliondoka hakuletwa mwingine. Kwa hiyo Zahoro lazima kwanza afanye mtihani wa sayansi mjini, tarehe 20 Mei: asubuhi wa kuandika, mchana wa kutenda kwa mikono. Akishinda yote miwili, anakwenda. Akianguka mmoja, nafasi anapewa mwingine.

Mzee Mwinyimadi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Umesikia, Mnyamwezi? Mwanangu anakwenda kwenu kufundisha watu kuvaa viatu."

"Akifika atashangaa," nikasema. "Ataona watu wanalima kwa jembe. Kwenu mnalima kwa mdomo."

"Sisi tunalima kwa mdomo, nyie mmezaliwa na mzigo kichwani. Mama yako alipokuzaa, mkunga aliuliza, nitoe kipi kwanza, mtoto au mzigo?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nikakosa jibu. Sheria yetu ni kwamba anayekosa jibu anakwenda kisimani kuijazia maji nyumba. Nikachukua debe. Niliporudi nalo kichwani akapiga makofi. "Sikusema? Tazameni, mzigo huo!"

Nilitaka kumwambia Zahoro kwamba kutoka Tabora mpaka Sikonge si mbali, na kwamba mama yangu anaweza kuwa hai bado. Sikusema. Nimemnunulia kanga moja, nimeitundika msumarini.

23 Machi

Mvua. Mawe, karai, mawe.

28 Machi, Jumamosi

Zahoro amerudi kutoka Kisarawe, magoti yote tope. Huko anasoma kwa Mwalimu Salumu Matano, aliyestaafu, mtu mwenye subira. Kila Jumamosi anakwenda kwa njia ya mashambani na kurudi. Mwalimu hana vyombo vya maabara. Ana vikombe vya chai, na chupa ya dawa ya kikohozi yenye mistari ubavuni, ndiyo anayopimia. Wamechemsha maua ya choya mpaka maji yakawa mekundu, wakatia maji ya majivu, yakageuka kijani, wakakamulia ndimu, yakarudi mekundu.

Zahoro alitufanyia hapa uani. Mama yake, Mwanaamina, alishika kanga mdomoni. Mzee Mwinyimadi akachungulia kikombe.

"Hii ndiyo sayansi?"

"Ndiyo, baba. Majivu yana magadi, ndimu ina asidi. Ukichanganya kwa kipimo sawa, kila kimoja kinamaliza nguvu ya mwenzake."

"Basi ni kama mimi na huyu Mnyamwezi," akasema mzee.

Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu nilipoyasikia nilifurahi siku nzima.

6 Aprili

Mvua inashuka kama inalipiza kisasi. Lori la mkaa kutoka Gwata limezama mpaka kwenye ekseli. Tumelisukuma mpaka jua kushuka. Nyapara wetu, Shomari, anatukana akiwa amesimama chini ya mwavuli.

13 Aprili

Mzee Mwinyimadi anakohoa. Anasema ni baridi.

19 Aprili, Jumapili

Anakohoa bado. Alitoka kuangua nazi, akarudi bila nazi, akakaa kizingitini. Nikamwambia, "Leo Mzaramo hata nazi ya kuiba imemshinda." Akainua mkono kama atajibu, akauteremsha. Mara ya kwanza kumshinda. Nilisimama pale nikingoja, kisha nikaenda mimi kisimani.

2 Mei, Jumamosi

Mto umejaa. Zahoro hakwenda Kisarawe. Anasoma kitabu cha kuazima, midomo ikicheza. Namwuliza, "Umekielewa?" Ananijibu, "Vya kuandika nimeelewa. Vya mikono naogopa. Nimepima kwa chupa ya kikohozi tu. Sijui wenye vyombo wanapimaje."

Mimi ningemwambia nini? Nilimwambia mikono ni mikono.

15 Mei, Ijumaa

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Nitasema kweli, mimi sifungi siku za kazi. Sururu na njaa havikai pamoja mgongoni mwangu. Nakula muhogo nyuma ya rundo la kifusi, Mungu ananiona, na Shomari ananiona.

Mzee Mwinyimadi amefunga. Kifua kinalia kama mlango mbovu, na amefunga. Mwanaamina alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba Zahoro, mgonjwa ana ruhusa. Kunywa uji."

"Nimefunga tangu kabla ya kuota ndevu, nije niache leo kwa kikohozi?"

Nilipoingia kumjulia hali akanusa hewa. "Mnyamwezi, mdomo wako unanuka muhogo."

"Nakulia na sehemu yako, mtani."

"Kula. Mimi nitakufungia na sehemu yako."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mwanawe akamshika mabega mpaka kikapita.

18 Mei, Jumatatu

Mzee Mwinyimadi amefariki asubuhi. Alikataa maji mpaka mwisho. Tumemzika alasiri, mvua ikijaza kaburi tukichota kwa karai la barabarani. Sijui niandike nini.

21 Mei, Alhamisi

Nimerudi kutoka mjini. Nitaandika yote sasa, maana nikilala yataniganda kifuani.

Jumanne asubuhi watu walikuwa wamekaa mikekani uwanjani. Mdogo wake marehemu, Mzee Mwinjuma, alikuwa amekuja kutoka Kisarawe, naye ndiye mkubwa wa msiba. Zahoro alimwendea, akachutama mbele yake.

"Baba mdogo, mtihani wangu ni kesho asubuhi, mjini. Naomba ruhusa niondoke leo."

"Hitima haijasomwa."

"Najua, baba. Nitarudi kesho kutwa."

"Wewe ndiye mtoto wa kwanza. Watu wanakuja kukupa mkono wewe. Wakikuta mkeka mtupu niwaambie nini? Kwamba mtoto wa Mwinyimadi kaenda kuandika karatasi, udongo wa baba yake haujakauka?"

Zahoro akainuka. Nilimtazama akirudi kukaa, na nikaona amekwisha kukubali. Kijana mwenye adabu hubishana mara moja tu.

Kwetu na kwa Wazaramo mtani ana kazi msibani. Wenye msiba wanalia, mtani anachekesha. Akichukua kitu cha marehemu hakuna wa kumnyang'anya. Akisema neno hakuna wa kumkasirikia, na akikasirika mtu, aibu ni yake. Tangu jana yake nilikuwa sijafanya kazi hiyo. Nilibeba jeneza kama watu wengine, na wazee walikwisha kuanza kuulizana, mtani gani huyu, amekufa naye?

Nikaingia uani. Kanzu ya mzee na kofia yake vilikuwa juu ya kamba. Mwanaamina, aliyekwisha kukaa eda, alikuwa ndani nyuma ya pazia, akaniona navishusha.

"Shemeji," alisema, "hiyo nguo ina jasho lake bado."

"Ndiyo maana naitaka."

Nikaivaa. Nikachukua bakora yake, nikatoka uwanjani nikijikongoja, nikakohoa kikohozi chake. Mkeka wote ukageuka. Mwanamke mmoja alipiga ukelele, kisha watu wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, baadaye kwa machozi.

"Mwinjuma!" nikasema kwa sauti ya marehemu. "Umekuja kwenye msiba wangu na mikono mitupu? Hata kuku?"

"Nimefunga, kaka," akajibu Mzee Mwinjuma, maana hakuna njia ila kujibu, na kicheko kilikuwa kimemshika.

"Umefunga mdomo, mkoba je? Haya. Wapi yule mtoto?" Nikamsogelea Zahoro. Alikuwa amenitumbulia macho. "Bado uko hapa? Mtihani ni kesho. Unangoja nini, nifufuke nikubebe mgongoni? Nimekufa na kifua, unataka nife tena na mgongo?"

Watu walianguka mikekani kwa kicheko. Nikafungua kamba iliyofunga mzigo wa kuni, nikaipitisha kiunoni mwa Zahoro, nikarudi kwenye sauti yangu mwenyewe.

"Jamani Wazaramo, mwenzenu alikuwa mtani wangu na hakuniachia kitu. Shamba la nani, nazi za nani? Mimi nachukua huyu. Huyu ndiye fungu langu. Mwenye kumtaka aje anikomboe."

Hakuna aliyekuja. Mzee Mwinjuma akatikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Mtani amechukua," alisema. "Nani atamzuia mtani?"

Nikamvuta kwa kamba mpaka barabarani huku wanatucheka. Tulipopita mbuyuni nikamfungua, nikaivua kanzu nikaikunja. Zahoro akalia hapo. Mimi sikulia. Mtani halii.

Barabara ilikuwa imekatika pale tulipokuwa tunajaza mawe juma zima. Tulivuka maji ya kiuno, vitabu viko kichwani kwangu, na upande wa pili tukapata lori. Nilitoa muhogo wa kuchoma nikamkatia kipande.

"Kula. Uko safarini, msafiri ana ruhusa. Na kesho unahitaji nguvu."

"Hapana, mzee. Baba alikufa na saumu yake. Zilizobaki nitazimaliza mimi."

"Baba yako hata mimi alisema atanifungia."

"Basi na zako nazifunga," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Nikaona fahari. Nikala muhogo wangu na fahari yangu.

Tulilala kwa mwenzangu wa Sikonge. Jana asubuhi nikamfikisha langoni, nikangoja nje ya ukuta. Adhuhuri alitoka mbio.

"Mzee Isihaka! Yote nimeyajua. Yote! Hata la maua lilikuwemo!"

Akaenda bombani akatawadha, akaswali pembeni, akarudi ndani kwa mtihani wa mikono. Wenzake walitoka wakipigana vikumbo. Yeye akatoka mwisho.

"Vipi?"

"Nimemaliza."

Sikuuliza zaidi. Leo, tukitembea pale kwenye maji, akanisimulia bila kunitazama. Kila mtu alipewa maji ya magadi, asidi, na mrija wa kioo ulio wazi pande zote mbili. Mzungu akaonyesha: unatia ncha katika maji, unanyonya kwa mdomo mpaka yafike kwenye alama, unaziba kwa kidole. Wote wakanyonya.

"Na wewe?"

"Nilifunga, mzee."

Akamimina kwa kukisia, kwa jicho, kama kwa chupa ya kikohozi. Rangi ikageuka mapema mno. Akarudia, ikachelewa. Mzungu alikuja akamwuliza kwa nini hatumii kile kioo. Akanyamaza.

"Ungemwambia tu."

"Ningemwambiaje, mzee? Kwamba baba yangu kafa juzi, na saumu hii si yangu?"

24 Mei, Jumapili

Mwalimu Salumu Matano amekuja kutoa pole. Zahoro akamsimulia jambo lile lile. Mwalimu akavua miwani.

"Zahoro, siku ile uliswali adhuhuri?"

"Niliswali, mwalimu."

"Ulitawadha?"

"Ndiyo."

"Ulisukutua?"

Zahoro akajishika mdomo.

"Ulitia maji mdomoni ukayatema, na saumu yako ikabaki. Tunafanya kila siku. Kioo kile ni hivyo hivyo, mwanangu. Yakikuingia mdomoni, unayatema."

Alisema kwa upole sana, na ningependa angepiga kelele. Baadaye nilimsindikiza. Njiani akasema, "Kosa ni langu. Nilimfundisha kwa chupa, sikufikiri kuna kunyonya." Nikamwambia hapana. Lakini nilikuwa nafikiri juu yangu. Mimi ndiye niliyekaa naye ndani ya lori nikila muhogo na kufurahi kwamba amekataa kula.

30 Mei

Mvua zinapungua. Mwanaamina ananipa chakula mlangoni kama zamani. Haongei nami.

7 Juni

Jua. Kifusi kimekauka.

12 Juni, Ijumaa

Majibu. Mtihani wa kuandika amepita vizuri, wameandika "vizuri sana". Mtihani wa kutenda ameanguka. Nafasi amepewa mwingine. Anaweza kuomba upya miaka ijayo, kama umri utaruhusu.

Zahoro alisoma kwa sauti kwa ajili ya mama yake, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, polepole kama anamsomea mtu habari za mtu mwingine. Mwanaamina akasema nyuma ya pazia, "Karibu magharibi. Ingia ufuturu."

14 Juni, Sikukuu

Nimeswali. Nimekwenda kaburini. Nilitaka kumtania, nikaona majani yameota.

27 Juni, Jumamosi

Leo ilikuwa arobaini. Walijaa watu wa Misugusugu na wa Kisarawe. Baada ya dua nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa tangu jana.

Nikasema, "Jamani, naomba radhi. Nilimtoa kijana huyu msibani kwa baba yake, hitima haijasomwa, na hakupata alichokifuata. Alikosa kote kuwili. Mimi ndiye niliyemchukua. Naomba mnisamehe."

Wakacheka.

Mzee mmoja akapiga paja. "Mnyamwezi leo kavaa ngozi ya kondoo!" Mwingine akasema, "Anataka ubani huyo, mpeni senti zake za ubani!" Hata Mzee Mwinjuma alicheka, bila ubaya. Nikasema tena, "Nasema kweli," wakazidi. Nikaona kwamba hakuna sauti niliyo nayo ya kusemea jambo hili hapa. Wakiniona, wanaona mtani. Pale uwanjani utani ulinipa nguvu ya kumchukua mtoto, na utani huo huo umenifungia mlango wa kuungama. Nikakaa. Nikacheka nao, maana ndiyo kazi.

Walipoondoka nilirudi uani kukusanya mikeka. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Shemeji."

"Naam, mama Zahoro."

"Mimi sikucheka."

Nilibaki nimeshika mkeka.

1 Julai, Jumatano

Leo ndiyo siku ambayo madarasa ya Tabora yameanza. Leo pia Zahoro ameanza kibarua. Nyumba ina mama aliye edani na dada zake wadogo, na minazi haitoshi. Shomari alimtazama mikono, akaguna, akamtupia beleshi. "Msomi, pale."

Tumefanya kazi bega kwa bega mpaka jua likachoka. Ameota malengelenge. Wakati wa kuchanganya saruji alisimama akalitazama karai la mchanga na karai la saruji, nikajua anafikiri vipimo. Shomari akampigia kelele, akachota.

Tulirudi nyumbani. Ile kanga ya mama iko bado msumarini. Nilikuwa nimeketi kizingitini navua matope, Zahoro akasimama mbele yangu. Alikuwa amevaa kofia ya baba yake. Nilikuwa nimeirudisha kambani na kanzu, sikujua aliichukua lini.

"Wewe Mnyamwezi," akasema.

Alikuwa hajapata kuniita hivyo. Siku zote mimi ni mzee Isihaka. Lakini utani hurithiwa kama shamba, na mwenyewe ameondoka.

"Sema, Mzaramo."

"Mama yako alipokuzaa, mkunga aliuliza kipi kitoke kwanza, mtoto au mzigo?" Akaiweka kofia sawa. "Mbona mama yako hajajibu mpaka leo?"

Nyuma ya pazia nikasikia Mwanaamina amenyamazisha kinu. Wote wawili walikuwa wananingoja. Nilitafuta la kujibu. Nina majibu mengi ya Wazaramo, ya midomo yao na nazi zao, nimeyaweka miaka yote. Nikafungua kinywa. Nikaona ile kofia, na malengelenge yale mikononi mwake, na hakuna hata moja lililotoka.

Nikasimama, nikachukua debe, nikaenda kisimani.